Mleta Maneno ya Mwisho

Wifi yangu ni dobi, na kwa kupiga pasi sijaona wa kumfikia. Mletee shati lililokunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa ghafla, atakurudishia kitu ambacho utaona haya kukivaa. Mimi ni mdogo wa mume wake, na kazi yangu kwenye kibanda chetu ni kukaa meza ya mbele, kupokea nguo, kuzifunga alama na kugombana na wateja. Hiyo ya kugombana sikupewa na mtu, niliichukua mwenyewe. Kaka yangu alipomwoa nilimnunia kweli kweli, maana wifi asiponuniwa atajiona amefika, na yeye akanishinda kwa kutojibu. Ukimtolea maneno makali anakuuliza kama umekula. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Ila watu hawakumjua kwa pasi. Mtaani na kanisani walimwita Mama Kauli, kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya bila kutumwa: kukaa na wanaokufa. Mgonjwa akizidiwa, madaktari wakishasema mrudisheni tu nyumbani, ndugu walimwita yeye. Alikuja na gauni lake safi, akampa kila mtu mkono, akawaomba wenye mgonjwa wasubiri sebuleni, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mliobaki nje mlisikia sauti yake ikiimba chini chini, kisha kimya, kisha maombi, kisha kimya tena. Akitoka, mgonjwa ameshakata roho au yuko mbioni kukata, na wifi amewabebea maneno. Amesema msigombane. Amesema asanteni kwa kumuuguza. Amesema siku ya harusi yenu alifurahi, ila hakujua namna ya kusema.

Hayo maneno ndiyo watu waliyozikia wapendwa wao. Waliyarudia makaburini, wakayasimulia kwa wajukuu. Najua ndugu wawili waliokuwa hawapeani hata salamu, wakashikana mikono kwa sababu ya sentensi moja iliyotoka kwenye chumba cha baba yao. Hata mimi nilipata yangu. Mama yangu aliondoka akiwa hajanisemesha kwa muda mrefu, mambo yetu ya nyumbani, na mdomo wangu huu usio na breki ulichangia. Wifi alitoka chumbani siku ile, akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa, akaniinamia. "Amesema, mwambieni kitinda mimba wangu sikuwahi kumkasirikia." Nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Tangu hapo sikumnunia wifi tena, na yale maneno niliyatunza kama mtu anavyotunza afya yake.

Na unyenyekevu aliokuwa nao, jamani. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Baada ya ibada aliosha vikombe na wasichana wadogo. Ukimsifia anatazama chini na kusema yeye ni chombo tu. Mchungaji wetu akihubiri habari za maskini wa roho, shingo zote zilikuwa zikigeuka kumtafuta pale nyuma, naye anazidi kujikunja. Mimi niliyekuwa nakaa naye kutwa nilikuwa na neno langu moyoni, lakini sikulitoa. Niliona ule unyenyekevu umepigwa pasi. Haukuwa na kunjo hata moja.

Basi akaugua Bibi Mkunga.

Huyu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa wetu wakiingia duniani na kuwapiga kofi la kwanza. Alikuwa na mtoto mmoja, dereva wa malori. Baba yake alipofariki, yule kijana alipewa habari mapema, akasema anakuja, na hakuja. Walimngoja mpaka maiti ikawa haingojeki. Bibi Mkunga alimzika mumewe bila mtoto, akarudi nyumbani akatamka mbele ya watu kwamba hana la kuzungumza naye tena. Dereva alikuja baadaye, akaja tena na tena, na kila mara alikuta mlango umefungwa.

Bibi alipozidiwa, akawa haongei, hafumbui macho, anakoroma tu, majirani walimpigia simu dereva, naye safari hii alifika. Wifi akaitwa. Akaingia, akafunga mlango kama kawaida yake. Dereva alikaa sebuleni ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilikuwepo, nilimwona. Lile jitu zima lilikuwa linaikunja na kuikunjua ile kofia. Wifi alitoka na uso uliotulia, akamwekea mkono begani, akamwambia mama amesema amekusamehe, nenda kwa amani. Dereva alianguka chini akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume. Wanawake wakaanza kusogeza viti ukutani. Mtu akatumwa kwa fundi wa majeneza.

Wakati huo huo, kutoka chumbani, Bibi Mkunga akakohoa na kuuliza kwa nini watu wanaburuta viti.

Nisiseme uongo, nilicheka. Sebule nzima ilicheka na kulia kwa pamoja, na yule aliyetumwa kwa fundi ilibidi akimbiliwe. Bibi alipona. Polepole, lakini alipona kabisa, akawa anatoka na fimbo yake. Wote tulisema ni muujiza, na muujiza huo nao ukaandikwa kwa jina la wifi.

Dereva hakusubiri. Mara tu mama alipoweza kukaa kitandani, alimpigia magoti akamshukuru kwa msamaha. Bibi akamuuliza msamaha gani. Akaelezwa. Akasema hajawahi kusema kitu kama hicho, na kwamba kama angekuwa nacho cha kusema angekisema kwa mdomo wake, maana mdomo anao. Kisha akamwomba atoke.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibika upande tuliotegemea. Hakuna aliyemshuku wifi. Watu walisema ugonjwa umemla Bibi akili. Walianza kuongea naye polepole, kwa sauti ya juu, kama anavyosemeshwa mtoto. Akina mama wa kanisa wakawa wanaenda kumkumbusha kwa upole, "Ulimsamehe, Bibi, umesahau tu." Akikataa wanatazamana. Mwanamke aliyekuwa na akili kali kuliko wembe akawa anashikwa mkono kuvushwa barabara ambayo aliivuka maisha yake yote. Dereva naye alipanga chumba karibu, akasubiri mama yake akumbuke.

Siku moja asubuhi Bibi Mkunga alikuja kibandani kwetu. Hakuwa na nguo ya kufua. Alinipita pale mezani bila salamu, akaenda nyuma kwenye mvuke, alikokuwa wifi na pasi yake.

"Nilikuambia nini mimi?" aliuliza.

Wifi aligeuka. Alishika pasi hewani, haishuki.

"Nililala pale nakusikia. Sikuweza kufumbua macho, lakini masikio yalikuwa yangu. Uliimba vizuri. Uliomba vizuri sana. Ukanyamaza, nikadhani sasa utanisikiliza. Ukaondoka." Bibi alipumzika kidogo juu ya fimbo. "Sitakutangaza. Sina nguvu hizo, na nani ataniamini? Nimetaka ujue kwamba mimi najua."

Akatoka taratibu, akanisalimia safari hii, akaenda zake. Jumapili iliyofuata aliacha kiti chake cha mbele, akaja nyuma kabisa, akakaa ubavuni mwa wifi. Ikawa ndiyo kawaida yake, kila ibada, bega kwa bega. Watu walisema tazameni upendo huo.

Wifi alianza kuunguza nguo. Kwanza kola, kisha gauni zima la mteja, likabaki na alama ya pasi mgongoni. Nilipomkaripia alinitazama kama anayetafuta ninakotokea. Akawa hataki mlango ufungwe. Nyumbani kwao milango yote wazi, ya jikoni, ya chumbani, hata wa choo, mpaka kaka yangu, mtu ambaye hulalamika mara moja kwa msimu, akanijia analalamika. Kibandani, mvuke ukijaa, alisimama akautazama. Niliogopa kumuuliza anaona nini. Siku niliyouliza, alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja wateja wa siku hiyo.

Alisema wanakuja. Wale wote aliokaa nao. Hawamtishi, hawana hasira, wanasimama tu pale nyuma ya shuka zilizoanikwa na kusubiri. Kila mmoja anataka kujua alisemewa nini. Fundi viatu yupo, mke wa mwalimu yupo, na yule msichana wa homa, ambaye mdomo wake ulikuwa ukicheza na wifi alikuwa anaimba kwa hiyo hakusikia. Akipiga magoti kuomba, maneno yanakuja yenyewe, mazuri, yamepangika, na anayasikia kama maneno ya mtu mwingine anayeuza kitu. Anayakatiza. Akiyakatiza hakuna kinachobaki, na hapo kwenye hakuna ndipo wanaposimama.

Nilikuwa nimeelewa jambo moja ambalo yeye hakulitaja. Kama wapo wote, basi na mama yangu yupo. Nilichukua furushi la nguo nikaenda mbele nikaanza kulihesabu, na sikuuliza.

Alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni mtu mwema na simlaumu. Alimsikiliza, akashika kichwa, akamwambia watu wamepata faraja, na faraja haitoki kwa shetani. Atubu kimya kimya kwa Mungu na aache ile kazi. Akitoboa, ni nyumba ngapi zitabomoka? Wifi alirudi akanisimulia. Nikamwambia mchungaji ana busara, tuyaache. Nilikuwa najitetea mwenyewe, wala sifichi. Wifi akasema, "Na Bibi je? Aendelee kuwa mwendawazimu ili mimi niendelee kuwa mtakatifu?"

Jumapili, baada ya matangazo, alisimama pale pale nyuma. Watu waligeuka wakitabasamu. Bibi Mkunga alikuwa pembeni yake, mikono juu ya fimbo.

Hakuzungumza vizuri. Yeye ambaye sala zake zilikuwa zikitiririka, alikwama, akarudia, akafuta pua kwa kiganja. Alisema Bibi hana ugonjwa wa akili. Bibi hakumsamehe mtoto wake, ni yeye aliyesema hivyo. Alisema wapo waliozungumza kweli mwanzoni, mmoja, labda wawili, na alipoona watu wanavyotulia akaanza kuwasaidia wale waliokuwa kimya. "Nilifikiri nawapa cha kwenu. Nilikuwa najipa mimi. Nilipenda mlivyonitazama nikitoka mlangoni. Sina karama. Sina chochote, na sijui hata kama nilishawahi kuwa nacho." Akakaa. Hakuinamisha kichwa. Nadhani alisahau.

Kanisa halikupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Watu walitoka wakimpita kama kiti. Dada wa marehemu mke wa mwalimu ndiye pekee aliyesimama mbele yake, akauliza kwa sauti ndogo kama mume wake naye hakusema. Wifi akamwambia aliyekufa ni mke wa mwalimu, mama, na wewe ni dada yake. Yule mwanamke akasema ndiyo, ndiyo, nimechanganyikiwa, na dada yangu je? Wifi akasema sijui.

Nguo zilipungua kibandani. Wengine walituma watu kuchukua hata zilizokuwa bado mbichi. Mtu alichora msalaba kwa mkaa mlangoni kwetu, ukiwa umegeuzwa chini juu, na nilimtafuta kwa matusi mtaa mzima bila kumpata. Wifi aliufuta kwa kitambaa cha maji, akaendelea na kazi. Nilimsubiri arudie hali yake ya zamani, ile ya kuuliza kama umekula. Haikurudi. Alikuwa mkavu, mchovu, wakati mwingine anacheka peke yake kwa jambo dogo. Ibada ilipofika kwenye maombi hakufumba macho. Nilimuuliza siku hizi anaomba nini. Akasema anasema "Bwana, sina," halafu anakaa. Nikamuuliza ndiyo hivyo tu? Akasema wakati mwingine hata "Bwana" halitoki.

Nilipoweza kujikaza, nilimuuliza. Ilikuwa mchana, hakuna mteja, redio ya jirani inalia. Nilisema, "Na mama?"

Aliweka pasi pembeni. Nikaona anatafuta kweli, anapekua ndani huko kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Sijui, wifi. Namwona ananitazama. Naiona midomo yake. Lakini yale maneno nimeyasema mara nyingi kwa sauti yangu, sasa siisikii yake. Huenda aliyasema. Sijui."

Nilimwambia alipaswa kunidanganya. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Sikwenda kazini kwa siku kadhaa, kisha nikarudi, kwa sababu ningeenda wapi.

Bibi Mkunga aliugua tena wakati wa mvua, na safari hii aliugua akiwa na kauli yake yote. Majirani walipomuuliza aitiwe nani, mchungaji au daktari, alisema aitiwe mwongo wake. Mtu alikuja kibandani na ujumbe huo huo, hakuupunguza. Wifi alivua aproni. Akaniomba nimsindikize.

Sebule ilikuwa ile ile. Dereva alikuwepo, ameruhusiwa na majirani kuingia hapo, mama akiwa hana habari. Alikuwa amekonda. Alimwona wifi akasimama, na chuki na tumaini vilikuwa usoni pake kwa pamoja, sijui kimoja kilikuwa wapi na kingine wapi. Watu wote walimsubiri wifi aingie na afunge mlango. Aliingia. Mlango akauacha wazi.

Hakuimba. Hakuomba kwa sauti. Nilipokaa niliona mgongo wake tu kwenye kigoda na mkono wa Bibi juu ya shuka. Walikaa hivyo. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha wifi akainuka akatoka, na dereva akamsogelea kabla hajavuka kizingiti.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Hata kidogo? Mama, tafadhali. Hata kama ni baya."

Nilimwona wifi akifungua mdomo. Mimi namjua. Neno lilikuwa pale, tayari, zuri, limekunjwa vizuri, na kijana yule angelipokea kwa mikono miwili hata akijua limetoka wapi. Alilimeza.

"Sina la kukuletea," alisema. "Hajaniambia nikuite, hajaniambia nikufukuze. Ingia mwenyewe."

"Atanifukuza."

"Labda."

Dereva alitazama ule mlango. Akavua viatu, sijui kwa nini, akaingia. Hatukumwona tena, tulisikia tu. Tulisikia ubao wa sakafu ukilia, kisha sauti ya Bibi Mkunga, nzito, ya kuamrisha, ile ile aliyokuwa akiitumia kuwaambia wanawake wasukume.

"Umechelewa."

Mvua ikajaa masikioni. Nilidhani mambo yamekwisha.

"Kaa."

Tukasikia akikaa, chini, mzigo wote kwa mara moja. Basi. Bibi hakutaja msamaha siku hiyo wala kesho yake mpaka alipofariki, na dereva hakutoka mle chumbani ila kuchota maji. Alipotoka mwisho, watu walimuuliza mama alisema nini, naye akasema aliambiwa akae.

Lakini mimi bado niko pale sebuleni, siku ile ya mvua. Wifi alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, mikono mitupu mapajani, mlango ule uko wazi mbele yetu. Nilikuwa namtazama, nikajiona namchukia, nikajiona pia sina haki. Nilikuwa naufikiria mlango wa chumba cha mama yangu. Nilitaka kukumbuka kama ulikuwa na kufuli, ili nipate cha kulaumu. Haukuwa nalo. Ulikuwa wa kusukuma tu kwa kidole, na mimi nilikuwa nimekaa upande huu, nimekunja miguu, nasubiri niletewe.